Mdogo wangu ana wadudu na yuko kwenye bodaboda, mimi nimetundikiwa dripu: kinga ya malaria huwa inakwenda wapi?

Mwalimu wa Ujiji ameandika:

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimezaliwa hapo na kukulia hapo. Utotoni malaria haikuwa habari ya kumpigia mtu simu. Unashikwa asubuhi, unameza vidonge vichungu, mama anakupikia uji wa ndimu, kesho kutwa uko Kibirizi unaangalia mitumbwi ya dagaa ikirudi. Nikamaliza chuo cha ualimu, ajira ikanipeleka Makete, kwenye baridi la milima ya Njombe. Nimekaa kule miaka mingi mpaka nikaoa huko huko. Kule ukisema unatafuta chandarua watu wanakushangaa; kinachotafutwa ni blanketi la pili.

Mwaka huu uhamisho umekubali, nikarudi Kigoma na mke wangu. Hata mizigo hatujamaliza kufungua, nikashikwa na homa ambayo sijawahi kuiona. Kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, kutapika, macho ya njano, halafu akili ikahama. Mke wangu anasema nilikuwa nasimamia mtihani wa darasa la saba pale kitandani, nawakemea watoto wasigeuke nyuma. Nikalazwa. Wakasema malaria kali, nikachomwa sindano, nikatundikiwa dripu.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mdogo wangu. Hajawahi kuhama Ujiji. Tunalala nyumba moja, mbu ni wale wale. Alipokuja kuniona wodini mke wangu akamng'ang'ania naye apime. Majibu: wadudu wapo! Hana homa, kichwa hakiumi, kala wali maharage yangu ya hospitali, akatoka hapo akapakia abiria wa Mwandiga.

Nikamuuliza daktari, alikuwa na foleni ndefu, akanijibu akiwa anaondoka: "Kinga yako imeshuka." Wodi nzima ikanyamaza. Mnajua wenyewe mtu akisikia kinga imeshuka anawaza nini. Nilishapima VVU, sina. Shangazi yangu anasema damu imezoea baridi. Jirani yeye ana jina la mtu kabisa aliyenifanyia hivi.

Wajuzi, ni kinga gani hiyo iliyoshuka, na ilikuwa imekaa wapi? Nawasilisha.

Boda Katubuka ameandika:

Ticha pole. Ila jibu umeliandika mwenyewe: umeenda kuishi Makete kwa kabila la Wakinga, umerudi huna kinga 😂

Sisi tuliobaki tunadunda. Mimi chandarua nafugia vifaranga.

Mzee wa Hadubini ameandika:

Mwalimu, pole sana, na umshukuru mkeo kwa kukuwahisha. Mtu wa malaria akishaanza kusimamia mitihani isiyokuwepo ujue ubongo umeguswa, na hapo saa chache zina maana kubwa.

Mimi nimemaliza utumishi wangu maabara, Urambo kwanza kisha Tabora mjini. Sasa nahangaika na mizinga ya nyuki. Nitaandika kirefu, asiye na bando apite.

Tuanze na hiyo ya wodini maana ndiyo inayoumiza watu bure. VVU inashambulia seli T za aina ya CD4, ambazo kazi yake ni kuziamsha na kuziongoza seli nyingine za kinga. Zikipungua sana, kila kitu kinapata mlango: TB, fangasi wa ubongo, nimonia. Wewe hayo huna. Ukipata TB au surua leo mwili wako utapambana kama wa mtu mwingine yeyote. Kilichopungua ni ustadi wa mwili kwa ugonjwa mmoja tu, malaria, na ustadi huo ulijengwa na mbu wa Ujiji tangu unanyonya. Daktari hakukosea, ila sentensi ile haifai kusemwa mtu akiwa anatembea.

Sasa hao wadudu. Niwaambie tunachokiona sisi. Tone nene la damu limekauka kwenye kioo, limetiwa rangi ya Giemsa, limeoshwa. Unaweka tone la mafuta, unashusha lenzi kubwa. Chembe nyeupe za damu zinajitokeza zambarau iliyoiva, na kati ya chembe hizo kuna vipete vyembamba vya buluu, kila kimoja na nukta nyekundu pembeni; hao ndio wadudu. Unahesabu chembe nyeupe mpaka 200, huku mkono wa pili unahesabu vipete. Hapo ndipo majibu yanapotoka. Na utakachogundua baada ya miaka ni kwamba hesabu hiyo peke yake haimjui mgonjwa. Analetwa mtoto wa miaka miwili na degedege, vipete vyake wala si vya kutisha. Anakuja mkulima wa tumbaku, yeye kaja kupimwa ngiri yake ifanyiwe upasuaji, vipete vimejaa, na anauliza kama atawahi basi la Kaliua.

Kumbuka pia kwamba karibu vyote tunavyoviona ni vipete vichanga. Wadudu wakishakomaa hawaonekani kwenye damu ya kidoleni. Na hapa ndipo penye siri yenyewe, someni taratibu.

Mdudu wa malaria yetu, falsiparamu, akiingia kwenye chembe nyekundu anatoa protini yake na kuipandisha mpaka juu ya ngozi ya chembe. Wataalamu wanaiita PfEMP1. Inafanya kazi ya kunata: chembe inagandana na ukuta wa mshipa mwembamba, inakaa pale. Kwa nini akae? Kwa sababu akizunguka na damu atapita kwenye bandama, na bandama inaondoa chembe mbovu. Lakini kujitokeza nje ni hatari kwake, maana sasa mwili umeona kitu kigeni na unaanza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga za kukishika. Basi mdudu ana jeni kama 60 za protini hiyo na anatumia moja kwa wakati. Mwili ukishaijua hii, kizazi kinachofuata kinatokea na nyingine. Ni mwizi mwenye kanzu 60, kila siku mnamtafuta mwenye kanzu ya jana.

Mtoto wa Ujiji, au wa Nzega, anazijua kanzu hizo moja moja, kwa homa, kwa degedege, na wengine kwa kaburi. Anayevuka miaka mitano kwa kawaida keshajua za kutosha asife. Akifika utu uzima anajua nyingi kiasi kwamba mdudu akiingia anabanwa, anabaki wachache, mwenyewe hana habari. Wadudu hawamaliziki kabisa. Ndiyo tofauti na surua, ambayo ukiugua mara moja umemaliza.

Kwamba ulinzi huu unakaa kwenye damu si maneno ya mtaani. Mwaka 1961 Sidney Cohen, Ian McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wa Gambia, wakawachoma watoto waliokuwa wanaumwa malaria. Wadudu wakapungua sana. Baadaye, 1991, kingamwili za Waafrika wakapewa wagonjwa wa Thailand, na kule nako zikafanya kazi, ingawa ni mbali hivyo. Kwa hiyo shangazi yako kwenye suala la damu hayuko mbali sana na ukweli; baridi tu ndiyo haihusiki.

Kuna upande wa pili na huu ndio uliokulaza. Mdudu anakaa ndani ya chembe saa 48, anazaana, chembe inapasuka, uchafu wote unamwagika kwenye damu. Chembe nyeupe zikiuona zinamwaga kemikali za kuitana, saitokini, mojawapo inaitwa TNF. Kemikali hizo ndizo zinazopandisha homa, zinazokutetemesha, zinazokutapisha. Zikizidi, zinafanya kuta za mishipa zizidi kunata, mishipa midogo ya ubongo inaziba, unaanza kusahihisha karatasi hewani. Yaani sehemu kubwa ya ule ugonjwa ni mwili wako mwenyewe ukijibu kwa fujo. Mdogo wako amezoeshwa: uchafu ule ule ukimwagika, mwili wake unajibu kwa kiasi. Wako ulikaa Makete bila kukumbushwa, ukasahau kiasi.

Kingamwili hazidumu. Zile za kawaida nusu yake inakwisha baada ya wiki kama tatu, na seli zinazozitengeneza nyingi hazikai bila kuchokozwa. Zinabaki chache za muda mrefu na seli za kumbukumbu. Ndiyo maana hukuanza sifuri kabisa. Waafrika waliohamia Ulaya wakikaa huko miaka wakirudi kusalimia wanaugua, lakini kwa jumla wanafariki wachache kuliko mtu ambaye hajawahi kukutana na mdudu huyu maishani.

Mdogo wako asije kujiona shujaa. Amekutwa na wadudu, ameze dawa ya mseto amalize dozi. Kuwabeba bila kuumwa kunamnyonya damu polepole, na kila mbu anayemuuma anaondoka na mzigo wa kumpelekea mwingine. Pengine aliyekulaza wewe alipitia kwake.

Jirani mwambie aache jina la watu.

Nesi wa Kasulu ameandika:

Mzee umeeleza vizuri mno. Niongeze la wodi ya wazazi, maana hapa ndipo tunaposikia "mimi mzawa, malaria hainiwezi" kila siku.

Mimba ya kwanza inamvua mzawa ulinzi wake. Binti kakulia Kasulu, tangu darasa la tano hajalazwa kwa malaria, akishika mimba ya kwanza anaanza kupungukiwa damu, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Kinga yake ya zamani haijaondoka. Kondo la nyuma limeleta ukuta mpya ambao haukuwepo mwilini mwake, na mdudu ana protini ya kunata hapo tu. Michal Fried na Patrick Duffy ndio walioonyesha mwaka 1996 kwamba wadudu wa kwenye kondo wananata kwa namna yao tofauti. Baadaye kazi yao kubwa wakaifanya hapa hapa nchini, Muheza kule Tanga. Huyo binti hakuwahi kukutana na kanzu hiyo, kwa lugha ya Mzee, kwa sababu hakuwahi kuwa na kondo. Mimba ya pili na ya tatu mwili unakuwa umeijua, hali inakuwa nafuu. Wanaume nao hawana kingamwili hizo, hata wakae Kigoma miaka 80.

Ndiyo sababu ya zile SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, kliniki. Unapewa vidonge vitatu na kikombe cha maji unameza mbele yangu, na nakuangalia mpaka koo lishuke, maana tumeshaviokota vingi chini ya mwembe nje. Vinaanza mimba ikishavuka miezi mitatu, kisha kila kliniki kwa kuachanisha mwezi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua.

Boda Katubuka ameandika:

Hapo mmenichanganya. Kama kinga inajengwa kwa kuumwa na mbu, hivi vyandarua mnavyogawa si ndiyo vinatuharibia watoto? Si bora wang'atwe mapema wazoee, kuliko kuja kuanguka ukubwani kama ticha?

Siyo utani safari hii, nauliza kweli. Nina wawili nyumbani.

Mzee wa Hadubini ameandika:

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na wanasayansi wenyewe waligombana juu yake miaka mingi. Hofu ilikuwa hiyo hiyo: tukimkinga mtoto leo, tunamsogezea kifo mbele tu.

Jibu limetoka Tanzania. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliwaandikisha watoto zaidi ya 6,000 waliozaliwa kati ya 1998 na 2000, bonde la Kilombero na Ulanga, wakaandika nani analala kwenye chandarua na nani halali. Mwaka 2019 wakarudi kuwatafuta, sasa ni vijana. Matokeo yakachapishwa 2022: waliokuwa wanalala kwenye chandarua mara nyingi utotoni walikuwa hai wengi zaidi, na faida hiyo haikuliwa baadaye. Kile kifo kilichodhaniwa kimesogezwa mbele hakikutokea.

Na angalia bei ya kinga hiyo unayoitamani. Katika Afrika, kati ya vifo vinne vya malaria kama vitatu ni vya watoto chini ya miaka mitano. Wewe na mdogo wake Mwalimu ni mliobaki. Wenzenu walioshindwa mtihani hawawezi kuingia humu kuandika "sisi tunadunda". Toa vifaranga.

Utafiti wa 2017 Kigoma ndiyo iliongoza nchi kwa watoto wenye vimelea, asilimia 24. Wa 2022 uongozi ukahamia kwetu Tabora, asilimia 23, wakati taifa zima ni 8. Kombe hilo sisi hatulitaki, mkitaka njooni mlichukue.

Mtoto siku hizi anaweza kufundishwa bila kulipa bei ile. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe pamoja na nchi nyingine, Shirika la Afya Duniani likaipitisha 2021. Nyingine, R21, ikapitishwa 2023, nayo Bagamoyo ilishiriki. Hazifuati mtindo wa kinga ya mzawa. Zinamlenga mdudu akiwa ametoka tu mdomoni mwa mbu, kabla hajazama kwenye ini, na hapo hana kanzu nyingi za kubadilisha. Hazizuii zote, na nguvu yake inashuka kwa muda, kwa hiyo chandarua kiko pale pale.

Kuna kinga nyingine ambayo hata ukihamia Makete haipotei, ya kurithi. Mwenye jeni moja ya selimundu (sickle cell), aliyorithi kwa mzazi mmoja tu, hapatwi sana na malaria kali. Anthony Allison aliandika hilo mwaka 1954 baada ya kuzunguka Afrika Mashariki. Ila ukirithi mbili ni ugonjwa wenyewe wa selimundu, na kwa huyo malaria ni hatari kubwa. Sisi wa magharibi na kanda ya ziwa tunao wengi wenye jeni hiyo, kabla ya kuoana si vibaya mkapima.

Mwalimu wa Ujiji ameandika:

Shikamoo Mzee, na asante sana dada Nesi. Nimemsomea shangazi ile ya kingamwili za Gambia, anasema yeye alijua muda mrefu.

Mdogo wangu kaanza mseto leo, analalamika kwamba ameumwa na dawa kuliko malaria.

Ila dada Nesi umenikosesha usingizi. Mke wangu ni wa Makete kwa kuzaliwa, hajawahi kuugua malaria maisha yake yote, na sikusema mwanzo: ni mjamzito, wa kwanza, ndiyo kwanza miezi miwili. Alikuwa ananiuguza wodini usiku, na pale madirisha yako wazi. Kwa maelezo yenu yeye hana ile ya mzawa wala ya kondo. SP bado hajafikia. Nifanyeje?

Nesi wa Kasulu ameandika:

Mwalimu, asisubiri miezi mitatu ndipo aanze kliniki. Mpeleke kesho. Siku ya kwanza anapimwa malaria na wingi wa damu hata kama hajisikii vibaya, na anapewa chandarua chenye dawa, ni haki yake, asione haya kukidai. Aingie humo mbu hawajaanza, yaani jioni kabisa, na wewe uingie naye.

Waambie kliniki mambo mawili kabla hawajauliza: ametoka Makete, na alikuwa analala wodini. Kadi haina sehemu ya kuandika kwamba mtu hajawahi kuugua malaria, mhudumu akiona anwani ya Ujiji atamchukulia mzawa.

Akipata homa, hata ya kuhisi tu mwili mzito, apimwe siku hiyo hiyo. Asimeze Panadol aone asubuhi itakuwaje. Dawa ya kutibu malaria kwa mjamzito ipo hata miezi hii ya mwanzo, mhudumu ndiye atakayemchagulia, msinunue dukani. Na kipimo kikitoka hakuna kitu wakati homa inaendelea, mrudishe kesho yake apimwe tena.

Kama bado mnashinda hospitali kwa ajili yako, usiku akuuguze mdogo wako. Amalize mseto wake tu.

Boda Katubuka ameandika:

Ticha, nipo stendi ya Mwanga, kesho saa moja asubuhi nakuja kumchukua shemeji kliniki, nauli sitaki. Vifaranga nimeshawahamishia kwenye tenga.